Jina Likifutwa, Mwenyewe Bado Yupo

Katikati ya miaka ya 1990, jimbo la Massachusetts nchini Marekani liliwapa watafiti rekodi za hospitali za watumishi wake. Majina yalikuwa yamefutwa, na Gavana William Weld akawahakikishia wananchi kwamba siri zao ziko salama. Latanya Sweeney, wakati huo mwanafunzi katika chuo cha MIT, alitoa dola 20 akanunua daftari la wapigakura wa mji wa Cambridge, alikoishi gavana. Akalinganisha orodha mbili. Waliozaliwa tarehe ile ile na gavana walikuwa sita. Kati yao wanaume walikuwa watatu. Aliyeishi katika eneo lake la posta alikuwa mmoja tu. Faili la gavana likawa mkononi mwake.

Sweeney hakuiba nywila wala hakuvunja mfumo wowote. Alikuwa na swali: je, mtu hutambulika kwa mambo machache kiasi gani? Swali hilo lilisaidia kukuza tawi zima la elimu ya usalama wa data, naye akatunukiwa shahada ya uzamivu mwaka 2001.

Nakumbusha kisa hiki kwa sababu vijana wengi wa Eldoret, Kenya, wanaotaka uzamivu katika usalama wa mitandao huanza kwa kuuliza ufadhili uko wapi. Pesa ni muhimu, lakini mfadhili naye atauliza: unatafiti nini? Mtu wa Eldoret ana jibu karibu na nyumbani, tena jibu ambalo watu wa MIT hawawezi kumtangulia kulipata.

Mwaka 2001, katika kituo cha afya cha Mosoriot, mwendo mfupi kutoka mjini, wataalamu wa Chuo Kikuu cha Moi na wenzao wa Chuo Kikuu cha Indiana walianza kuweka rekodi za wagonjwa kwenye kompyuta. Mwaka huo huo mpango wa AMPATH ulizaliwa kupambana na Ukimwi, ukishirikiana na Hospitali ya Mafunzo na Rufaa ya Moi. Rekodi zilipoongezeka, mfumo wa kwanza ulilemewa. Kutokana na hitaji hilo ikaundwa OpenMRS, programu huria ya rekodi za matibabu, ambayo ilianza kutumika Eldoret mwaka 2006 na leo iko katika nchi nyingi duniani. Kwa hiyo mji huu si mgeni wa teknolojia hii. Ni mmoja wa wazazi wake.

Sasa tazama ugumu wa kulinda rekodi hizo. Hesabu ya Sweeney haihamishiki hivi hivi hadi Uasin Gishu, kaunti ya Eldoret. Hapa sanduku la posta hutumiwa na shule nzima au kanisa zima, na wazee wengi wasiojua siku waliyozaliwa huandikiwa Januari 1. Mtu anaweza kudhani basi tuko salama. Lakini tuna alama zetu. Miongoni mwa Wakalenjin, Kiprop ni mvulana aliyezaliwa mvua ikinyesha, na Chebet ni msichana aliyezaliwa mchana. Ukifuta jina katika rekodi ya wodi ya wazazi ukaacha jinsia na saa ya kuzaliwa, umeficha jina huku ukiacha mkia wake nje. Ongeza kijiji, idadi ya watoto na siku ya kliniki, na jirani hatahitaji kompyuta kumjua mhusika. Kwa mgonjwa wa virusi vya Ukimwi, hilo laweza kumvunjia ndoa au kumnyima kazi.

Dawa ya Sweeney ilikuwa kumficha mtu ndani ya kundi: kila mstari wa jedwali ufanane na mingine kadhaa. Mwaka 2006 Cynthia Dwork na wenzake walipendekeza njia nyingine, ya kutia kelele kidogo katika takwimu, ili jibu la jumla libaki karibu na ukweli lakini mtu mmoja asionekane. Njia zote mbili hupendelea umati. Zahanati yenye wagonjwa kumi na wawili haina umati: kundi halitoshi, na kelele humeza takwimu yenyewe. Je, mashine za akili unde zikifundishwa kwa rekodi za zahanati kama hiyo, zitakariri nini na kumtajia nani? Hilo ni swali la miaka mitatu ya kazi, na jibu lake litafaa kila penye vijiji vidogo.

Safari ya uzamivu nayo ina milango yake. Tume ya Elimu ya Vyuo Vikuu huweka muda wa uzamivu kuwa angalau miaka mitatu na hutaka makala mbili katika majarida yanayohakikiwa na wataalamu. Utafiti unaogusa wagonjwa hupitia kamati ya maadili ya chuo na hospitali, kisha leseni ya NACOSTI, tume ya taifa ya sayansi, teknolojia na ubunifu. Sheria ya Kulinda Data ya 2019 huhesabu habari za afya kuwa data nyeti. Ile ya makosa ya kompyuta ya 2018 humtoza anayeingia mfumo bila idhini faini ya hadi shilingi milioni 5, au kifungo cha hadi miaka mitatu, au vyote viwili. Kusema nilikuwa nafanya utafiti hakuchukui nafasi ya ruhusa iliyoandikwa. Kuhusu ada, mfuko wa RSIF, uliosimamiwa na kituo cha utafiti cha icipe jijini Nairobi, umekuwa ukifadhili uzamivu Afrika, na tehama, data kubwa na akili unde ni kati ya nyanja zake. Shirika la Ujerumani la DAAD nalo hufadhili masomo ya uzamivu papa hapa Afrika.

Lakini kuna la kufanya kabla ya fomu yoyote. OpenMRS hupakuliwa bure. Isakinishe kwenye kompyuta yako, ubuni wagonjwa mia moja wenye maisha ya kijiji unachokifahamu, ufute majina, kisha mpe rafiki aliyekulia huko rekodi hizo pamoja na orodha ya majina uliyoyafuta, ajaribu kukisia nani ni nani. Akipatia hata mmoja, mwulize amejuaje. Jibu lake ndilo ukurasa wa kwanza wa pendekezo lako la utafiti.