Je, Wajua? Ubavu Ulioondolewa na Safari ya Kurudi Nyumbani

Je, wajua ya kuwa mtu aliyeondolewa ubavu wa kwanza, ule uliojificha chini ya mtulinga, ili mishipa ya fahamu na ya damu iendayo mkononi ipate nafasi, aweza kuwa na nguvu za kutembea baada ya siku chache na bado akakatazwa kupanda ndege? Sababu yake aghalabu si kidonda, bali ni hewa. Ubavu huo umepakana na utando wa pafu, na tabibu autoapo, hata kwa ile njia ya kwapani aliyoieleza Dakta David Roos wa Denver, Marekani, mwaka 1966, utando huo waweza kutoboka, hewa ikaingia kifuani nje ya pafu. Ndege ikisha kupaa, kanieneo ya hewa ndani yake hushuka ikawa kama ya mlimani, kimo cha mita 2,400 hivi, na hewa iliyonaswa kifuani hutanuka kwa takriban theluthi moja, ikalisonga pafu. Kwa hiyo kifua hupigwa picha kwanza. Na ikionekana hewa, msafiri hungoja hata itoweke, kisha juma moja zaidi.

Arudiye kwa motokaa naye ana hesabu yake, ambayo wengi hawaikumbuki: huko Marekani ukanda wa abiria wa mbele hupita bega la kulia, basi aliyepasuliwa upande huo ni heri akae nyuma ya dereva. Mizigo wachukue wengine.