Jina la Mgonjwa Ndani ya Faili la Picha

Picha ya CT inapopelekwa darasani kwa mafunzo, jina la mgonjwa husafiri pamoja nayo, hata kama halionekani popote kwenye skrini. Mafaili ya picha za tiba hufuata kiwango kiitwacho DICOM, kilichopewa jina hilo mwaka 1993. Faili huanza na baiti 128 za utangulizi, kisha herufi nne, DICM, kisha mfululizo wa vipengele. Kila kimoja kina namba ya utambulisho, aina, urefu na thamani. Jina la mgonjwa hukaa katika kipengele 0010,0010. Tarehe ya kuzaliwa na namba ya jalada zimo jirani.

Anayelifungua faili hilo kwa programu ya kawaida ya maandishi huona vurugu ya alama, na katikati yake jina linalosomeka wazi. Kishawishi cha kulifuta papo hapo ni kikubwa. Tuseme jina lina herufi 14, naye akaandika MGONJWA mahali pake. Kipengele bado kinatangaza urefu wa baiti 14. Programu ya kusomea picha itameza baiti saba za kipengele kinachofuata, na kuanzia hapo yote yatasomwa kombo. Huenda picha isifunguke kabisa.

Kazi hii hutaka zana inayolijua umbo la faili. Zana za jumla, kama 010 Editor na Kaitai Struct, hupewa maelezo ya muundo yaliyoandikwa kando, nazo huyatumia kuzigawa baiti katika sehemu zenye majina. Kwa DICOM ipo DCMTK, iliyotengenezwa na taasisi ya OFFIS ya Ujerumani, yenye kamusi yake ya vipengele. Amri ya dcmdump huvionyesha kimoja kimoja. Dcmodify hubadilisha thamani na kurekebisha urefu. MGONJWA ina herufi saba, na kiwango hutaka urefu uwe shufwa; basi huongezwa nafasi moja tupu, urefu ukawa nane.

Lakini zana huona kile tu ilichoelezwa. Vipengele vyenye namba ya kundi iliyo witiri ni vya watengenezaji wa mashine, na jina laweza kujificha humo. Ni salama zaidi kuviondoa, isipokuwa vile ambavyo maana yake inajulikana. Ultrasaundi ni ngumu zaidi. Mara nyingi jina huchapwa juu ya picha yenyewe, na kwa zana hizo ni nukta za mwanga na giza tu. Hapo hutakiwa jicho la mtu, picha kwa picha, na kisanduku cheusi juu ya jina kabla faili halijatoka hospitalini.