Kung'aa kwa Kopo au kwa Kromu?

Pesa ya kahawa ikiingia Mbinga, ndoa nyingine hutikiswa na vyuma! Mume wangu anataka pikipiki ya marehemu baba yake ipigwe kromu upya. Mimi naiwazia ada ya mtoto. Rangi ya kopo ni nafuu, ila mng'ao wake ni chembe za alumini tu: ukipaka vanishi juu hufifia, petroli ikidondoka huweza kubanduka. Kromu halisi hupandishwa kwa umeme juu ya nikeli, kutu ikishatolewa yote. Kemikali zake ni sumu, msijaribu uani. Basi tumepatana: rimu na ekzosi zipigwe kromu, duara la taa tutalipulizia kopo. Safari zetu ni za Mbamba Bay, na Ziwa Nyasa, bahati nzuri, ni maji baridi. Chumvi ya baharini ingevila vyuma upesi.