Kompyuta Imeingiwa na Virusi? Usikubali Ifutwe Kabla ya Kujaribu Haya

JE, mpenzi msomaji, kompyuta yako ya nyumbani imeanza vituko? Unaiwasha na unaweza kuchemsha chai, ukainywa, kabla haijafunguka. Unatafuta habari za michezo, unapelekwa kwenye matangazo ya kamari. Folda yenye picha za arusi ya dada yako haifunguki. Mara king'ora kinalia na maandishi mekundu yanakwambia una virusi vitano, ulipe sasa hivi au upige simu nambari fulani.

Usilipe, wala usipige hiyo simu. Mara nyingi ujumbe wa namna hiyo hautoki kwa kirusi chochote. Ni tovuti uliyoiruhusu bila kujua ikutumie taarifa. Fungua mipangilio ya kivinjari chako, tafuta sehemu ya taarifa, ondoa kila tovuti usiyoitambua, kisha ondoa pia vile viongezo usivyokumbuka kuviweka. Huenda shida ikaishia hapo.

Isipoishia hapo, wengi wetu hukimbilia kwa fundi. Naye fundi, kwa kuwa ana wateja wengine wanaomngoja, hufanya lililo jepesi kwake: hufomati. Kompyuta hurudi nyumbani ikiwa nyepesi kama mpya, lakini picha za marehemu babu, nakala za vyeti na kazi ya shule ya mtoto zimekwenda pamoja na virusi. Huo ndio msiba wenyewe, na aghalabu haukuwa na haja.

Kwa hivyo, kabla ya kuibeba kompyuta kuipeleka mjini, kata intaneti. Zima Wi-Fi au chomoa waya. Baadhi ya programu hizi haribifu kazi yake ni kuiba maneno ya siri yaliyohifadhiwa kwenye kivinjari na kuyatuma kwa mwizi. Nyingine hungoja amri kutoka nje. Tangu dakika hiyo, usiingie katika akaunti ya benki, iTax wala eCitizen kwa kutumia kompyuta hiyo. Kisha nakili vitu vyako vya thamani kwenye diski ya nje: picha, barua, hati. Usinakili programu. Diski hiyo iweke kando, na usiifungue kwenye kompyuta nyingine kabla haijakaguliwa.

Sasa tuje kwenye tiba. Kama unatumia Windows 10 au 11, dawa ya kwanza tayari unayo, tena bila kulipa hata shilingi. Inaitwa Microsoft Defender, nayo imo ndani ya Windows Security. Rudisha intaneti kwa muda mfupi ili ipate orodha mpya ya virusi, kisha uikate tena. Chagua ukaguzi kamili, si ule wa haraka. Kazi hii yaweza kuchukua saa kadhaa. Unaweza kwenda ibadani na kurudi ukaikuta ingali ikiendelea.

Kuna virusi sugu vinavyojificha wakati Windows imeamka. Hivyo navyo vina dawa ambayo, kwa maoni yangu, ndiyo bora kuliko zote na ndiyo watu wachache wanaijua: ukaguzi uitwao Microsoft Defender Offline, ulio katika orodha hiyo hiyo ya aina za ukaguzi. Hifadhi kazi yako kwanza, kwa kuwa kompyuta itajizima na kujiwasha upya, ikaguliwe kabla Windows haijaanza kazi. Huchukua kama dakika 15 tu. Ukitaka maoni ya daktari wa pili, tumia toleo la bure la Malwarebytes. Lakini usiweke programu mbili zinazolinda kompyuta saa zote kwa wakati mmoja, kwani zitagombana na kuizidishia kompyuta uzito.

Na ile flashi? Hapa ndipo penye kisa chetu sisi. Mtoto anatumwa saiba kuchapisha kazi ya shule, flashi inachomekwa kwenye kompyuta iliyopokea flashi za mtaa mzima, na inarudi nyumbani na mgeni. Si jambo jipya. Mwaka wa 1986, ndugu wawili wenye duka la kompyuta mjini Lahore, Pakistan, walitunga kirusi kiitwacho Brain kilichosafiri kwa njia iyo hiyo, kwenye disketi. Walitaka kuzuia programu yao ya matibabu isinakiliwe ovyo, hata wakaandika anwani na simu zao ndani ya kirusi chenyewe! Wa siku hizi hawana ustaarabu huo.

Ukiona folda zako kwenye flashi zimegeuka njia za mkato, usizibofye. Kuzibofya ndiko kunakokifungulia kirusi mlango. Aghalabu faili zako hazijapotea, zimefichwa tu. Kagua flashi kwa Defender kwanza. Kisha fungua Command Prompt na uandike attrib -h -r -s /s /d E:\*.* ambapo E ni herufi ya flashi yako. Faili zitajitokeza. Zinakili mahali salama, ndipo sasa uifomati flashi.

Baada ya kompyuta kupona, badilisha maneno ya siri. Ukiweza, tumia simu au kompyuta nyingine iliyo safi. Anza na barua pepe, kwa maana mwenye barua pepe yako anaweza kujifungulia akaunti zako nyingine zote. Kama uliwahi kuingia benki kwa kompyuta hiyo, wapigie benki simu siku hiyo hiyo.

Ugonjwa mbaya zaidi ni ule unaofunga faili na kudai fidia. Kulipa hakukupi hakika ya kuzipata. Mwaka wa 2016 polisi wa Uholanzi, Europol na kampuni mbili za usalama wa kompyuta walianzisha mradi wa No More Ransom, unaotoa bure funguo za baadhi ya virusi hivyo. Si vyote, lakini tazama huko kabla hujafuta chochote.

Wazazi, waulizeni vijana wenu kuhusu michezo na programu za wizi wanazopakua bure. Zile za kuvunjia kufuli ya programu za kulipiwa huomba uzime kinga kwanza, na ukishaizima umekwisha. Masahihisho ya Windows nayo msiyaahirishe kila siku. Kirusi cha WannaCry kilipozuka Mei 2017, dawa yake ilikuwa imetolewa Machi. Walioumia ni wale ambao hawakuiweka. Windows 10 yenyewe ilifikia mwisho wa huduma zake za kawaida tarehe 14 Oktoba 2025, kwa hivyo kama mashine yako inamudu Windows 11, hamia huko.

Yote hayo yakishindikana, Windows ina njia ya kujisakinisha upya huku ikibakiza faili zako. Na ukilazimika kwenda kwa fundi, mwambie kabla hajaigusa kompyuta, "Picha na hati zangu zinakiliwe kwanza, nikiwa hapa." Akisema haiwezekani, ibebe kompyuta yako uende kwa mwingine.