Sidi Mubarak Bombay, Mkuu wa Msafara

Muhula uliopita wanafunzi wa Kidato cha Pili waliniuliza kama njia yetu hii ya kale imepata kuwa na mtu wa mfano wa wanaanga: mtu aliyekwenda mbali, akaongoza wenzake, akarudi kueleza aliyoyaona. Niliwajibu kwamba yuko, naye amekaa Kwihara, mwendo mfupi tu kutoka mjini Tabora. Mhariri aliposikia, akataka niyaandike.

Mtu huyo ni Sidi Mubarak Bombay. Alikuwa Myao. Alikamatwa utotoni, akauzwa Kilwa, akapelekwa Bara Hindi. Bwana wake alipokufa alipata uhuru wake, akarudi Unguja, akawa askari wa Sultani. Mwaka 1857 Burton na Speke walimkuta katika ngome moja karibu na Pangani, wakamwajiri.

Kilichomfaa kwanza ni ulimi wake. Speke hakujua Kiswahili, lakini alijua Kihindi kidogo, na Bombay vilevile. Hata mwaka 1862, mbele ya Kabaka Mutesa, Speke alisema Kihindi, Bombay akakigeuza kuwa Kiswahili, na mtu mwingine akakigeuza kuwa Kiganda. Jibu lilirudi kwa njia iyo hiyo. Twasoma vitabuni kwamba Speke alizungumza na Kabaka. Kwa kweli aliyezungumza ni Bombay na wenziwe.

Safari ile iliishia Misri mwaka 1863, na Shirika la Kifalme la Jiografia la London likampa nishani ya fedha.

Mwaka 1871 Stanley alimwajiri Unguja awe mkubwa wa askari wa msafara. Mshahara wake ulikuwa dola 80 kwa mwaka. Wenziwe wa safari ya Speke, kama Uledi na Mabruki, walipata 40. Kazi yenyewe si ya kutembea mbele tu. Kila mpagazi alichukua mzigo wa kilo 30 hivi: merikani, kaniki, shanga, nyaya za shaba. Hizo ndizo zilizokuwa fedha za njia, za kununulia posho na kulipia hongo. Mtoro mmoja akikimbia na mzigo, msafara umepoteza chakula cha siku nyingi. Basi mkubwa wa askari huwatafuta watoro, huamua ugomvi, hugawa posho, na jioni hukemewa na bwana wake kwa yote yaliyoharibika.

Walitoka Bagamoyo mwezi wa Machi, wakafika Kwihara tarehe 23 Juni. Linganisheni na John Glenn, ambaye tarehe 20 Februari 1962 aliizunguka dunia mara 3 kwa muda usiofika saa 5, na kimojawapo cha vituo vilivyofuata chombo chake kilikuwa Unguja. Glenn akiwa na shida, mamia ya wataalamu walikuwa wakimsikiliza. Msafara wa Kwihara ulizibiwa njia na vita vya Mirambo kwa karibu miezi 3, wala hapakuwa na wa kuulizwa.

Siku ya kuondoka, tarehe 20 Septemba, Bombay alichelewa. Alipoulizwa, alijibu kwamba alikwenda kumuaga mkewe. Stanley akampiga kwa fimbo. Speke naye alikwisha kumvunja meno kwa ngumi katika safari ya nyuma. Mimi sisemi Bombay hakuwa na makosa. Mabwana zake wamemlaumu kwa uvivu na ulevi. Lakini Stanley alirudi Ulaya na Marekani, akaandika kitabu, akahutubia kumbi zilizojaa watu. Bombay hakuandika neno, na kila tulijualo juu yake limetoka katika kalamu za waliompiga.

Mwaka 1873 alikuwa Kwihara tena, sasa na Cameron, wakati Chuma na Susi walipofika wakiuchukua mwili wa Livingstone. Cameron alishauri uzikwe hapo hapo. Wakakataa, wakaendelea hadi pwani. Bombay yeye alishika njia ya magharibi, na mwezi wa Novemba 1875 msafara ukaiona bahari ya Atlantiki.

Mwaka 1876 Shirika lile la London lilimpa malipo ya uzeeni ya pauni 15 kwa mwaka. Aliyapokea hadi alipofariki mwaka 1885.