Gharama ya Kucheza Mtandaoni: Xbox 360 na PlayStation 3

Bei ya konsoli, yaani mashine ya michezo ya video inayounganishwa na televisheni, haionyeshi gharama yote ya kushindana na wachezaji walio mbali kupitia intaneti, na ushindani kati ya Microsoft na Sony ulilidhihirisha jambo hilo waziwazi. Mwishoni mwa mwaka 2006, nchini Marekani, Xbox 360 ya Microsoft yenye diski ya kuhifadhia data iliuzwa dola 399, ilhali PlayStation 3 ya Sony ya daraja la juu iliuzwa dola 599. Hata hivyo, Microsoft ilitoza ada ya takriban dola 50 kwa mwaka kwa mashindano ya mtandaoni, ambayo Sony iliyatoa bure, hivyo miaka minne ya ada ilimaliza nafuu yote. Zaidi ya hayo, kifaa cha kuunganisha Xbox 360 na intaneti bila waya kiliuzwa peke yake kwa takriban dola 100.

Ada hiyo, kwa haki, haikukosa faida, kwa kuwa kuanzia mwaka 2008 marafiki waliolipa waliweza kuzungumza kwa sauti hata kila mmoja akicheza mchezo wake, uwezo ambao PlayStation 3 haikuwahi kuupata. Tena, Aprili 2011 wadukuzi waliuvamia mtandao wa Sony, wakafikia taarifa za akaunti zipatazo milioni 77, na huduma ikafungwa kwa zaidi ya wiki tatu.

Tangu PlayStation 4 ilipotoka mwaka 2013, Sony nayo hutoza ada kwa michezo mingi ya mtandaoni. Kwa hiyo mnunuzi na ajumlishe ada za miaka yote atakayocheza kabla ya kulinganisha bei za dukani.