Kelele Haziporomoshi Theluji

Swali limeniijia tena wiki hii, safari hii kutoka kwa kijana anayejiandaa kwenda kupanda milima ya Uswisi wakati wa baridi: "Mtaalamu, tukinyamaza kabisa huko juu, tutakuwa salama?" Hapana. Nimelijibu vya kutosha, na leo nalijibu kwa kirefu ili liishe.

Filamu ndizo zilizotuaminisha kwamba mtu akipiga ukelele, mlima mzima unashuka. Watafiti wa taasisi ya theluji ya SLF mjini Davos walilichunguza jambo hili, na mwaka 2009 wakahitimisha kwamba sauti ya binadamu haina uwezo huo. Hesabu zenyewe zinatosha. Ukelele wa desibeli 100 una shinikizo la paskali 2 tu. Uzito wa mtu aliyesimama juu ya ski hukandamiza tabaka la chini kwa mamia ya paskali. Wanaoporomosha theluji kwa makusudi ili kulinda barabara hutumia baruti.

Kinachoua ni bamba la theluji lililokaa juu ya tabaka dhaifu. Chimba shimo mlimani uone. Theluji ya mwanzo wa msimu, ikiwa nyembamba na baridi ni kali, hugeuka punje kubwa zisizoshikana. Ukizichota kwa glavu zinamwagika kama sukari. Juu yake upepo hurundika theluji nyingine, ikashikamana na kukaza. Kwenye mteremko wa nyuzi 30 hadi 45, uzito wa mtu mmoja waweza kulivunja tabaka lile. Ufa hukimbia, na bamba zima hushuka naye. Ndiyo maana katika ajali nyingi mno za watembeaji wa milimani, aliyeuchokoza mteremko ni mhanga mwenyewe au mwenzake.

Imani hii ya kwamba kelele huporomosha theluji basi ina madhara. Kundi lililonyamaza hujiona salama, likapanda kwa kufuatana unyounyo, na aliyeuona ufa huogopa kupaza sauti awaonye wenzake. Sauti ya kuogopwa ni moja: ule mdundo mzito unaotoka chini ya miguu theluji inapodidimia ghafla. Tabaka limekwisha vunjika. Geuka.

Mengine ni mafupi. Soma taarifa ya hatari ya siku hiyo. Ulaya ina viwango 5, na cha 3 si cha kubezwa, maana vifo vingi hutokea humo. Chagua mteremko wa chini ya nyuzi 30 usio na mteremko mkali juu yake. Penye shaka, piteni mmoja mmoja. Kila mtu avae kifaa cha kutafutia waliofukiwa, abebe fimbo ya kupekulia na sepetu, na awe amefanya mazoezi. Baada ya dakika 10 hadi 15 chini ya theluji, uwezekano wa kutolewa hai huporomoka, na mara nyingi helikopta haijafika. Mwokozi ni yule uliyeongozana naye. Asiyejua kutumia vifaa hivyo, usipande naye.